Daftari la Baba Neema

Mume wangu ana daftari la akiba. Si la matumizi. Matumizi, anasema, yanajiandika yenyewe. Humo huandika kila shilingi ambayo ingetoka na haikutoka. Alipoamua kuwapeleka watoto kwenye bustani ya michezo ya maji Dar es Salaam, daftari lilinona kabla hatujatoka Dodoma.

Alianza na treni ya SGR. Nauli ya daraja la kawaida hadi Dar ni shilingi 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, chini ya miaka 4 bure. Baba Neema akaiteremsha kalenda ukutani. Neema alikuwa anatimiza miaka 13 Januari, na Juma anatimiza 4 mwezi huohuo. “Mama Neema, safari ni Desemba. Tukivuka mwaka tumeliwa.” Kisha akanitazama kwa masikitiko: ningejifungua Juma mwezi Juni, tungepata na Pasaka ya bure.

Ubaya wa Desemba ni kwamba Dodoma nzima inaijua. Shule zimefungwa, watumishi wako likizo, na siku aliyoichagua treni ilikuwa imejaa. Ya kesho yake pia. Tukapanda basi. Treni huchukua takriban saa nne. Sisi tulipita Kibaigwa, Gairo, Morogoro na Chalinze jua likituhama kutoka dirisha hili hadi lile, Juma nimempakata, maana kwenye basi anayekalia kiti anakilipia, na mapaja ya mama hayana nauli. Tulipofika Gairo ganzi ilikuwa imenipanda kiunoni. Daftarini ikaandikwa: kiti kimoja, kimeokolewa.

Hoteli hakutaka kuisikia. “Tuna shangazi.” Ni kweli tunaye, ila shangazi anakaa Mbagala, kusini mwa jiji, na bustani iko kaskazini, ufukweni, upande wa barabara ya Bagamoyo. Anayelijua jiji ameshacheka. Tena kwa shangazi hapaendwi mikono mitupu. Kulala bure kulitutoa mfuko wa mchele, sukari, mafuta ya kupikia na doti ya khanga. Zawadi, kwa sheria za daftari, si gharama.

Usiku, tukiwa tumekula, shangazi akauliza kwa upole, “Kwa hiyo kesho mnakwenda kucheza na maji?”

“Ndiyo, shangazi.”

“Na hawa wa hapa?”

Hawa wa hapa walikuwa wajukuu wanne, na alfajiri niliwakuta wameshavaa. Hesabu ya daladala ya Kariakoo, kisha ya Tegeta, kisha bajaji, ikafa palepale. Kundi lile lilihitaji Noah ya kukodi. Shangazi akakaa mbele, na beseni la chapati na mayai ya kuchemsha mapajani, kwa agizo la mpwa wake: chakula cha ndani ni ghali.

Getini mlinzi akafunua beseni. Chakula cha nje hakiingii. Baba Neema akabishana, akabembeleza, akamwita kaka, akamwita mzee. Shangazi akamkata: “Nyie ingieni. Mimi mzaliwa wa Kilwa nilipe kiingilio nikaone maji?” Akatandika khanga chini ya mwarobaini.

Ndani watoto walifurahi mno, na sina cha kuongeza. Chipsi za watoto sita nazo sina hamu ya kuzieleza. Nilimwona Baba Neema akiuangalia ubao wa bei, akalitoa daftari, akalirudisha mfukoni. Alisema limelowa.

Jioni tulipotoka, beseni lilikuwa tupu. Madereva wa bodaboda wa pale nje walikuwa wamezimaliza chapati zote, shilingi 500 moja, na mayai yalikwisha hata kabla yake. Baba Neema akachangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kalamu mkononi.

“Shangazi, tumepata kiasi gani?”

Shangazi alikuwa anafunga noti kwenye pindo la khanga. Akakaza fundo.

“Tumepata na nani?”