Babu wa Kijani

Mwalimu mmoja wa sekondari, mkazi wa Kizwite mjini Sumbawanga, aliamini kuwa hakuna picha rahisi kuchapa kama nyeusi na nyeupe. Rangi zenyewe hazipo, sasa ugumu utoke wapi? Akanunua printa ya matangi ya wino, ya aina ile iliyojaa kwenye stashenari za mjini ikitoa pasipoti saizi na mitihani ya majaribio, akautangazia ukoo kwamba picha ya babu itakuwa ukutani kabla ya kikao cha Jumapili.

Picha yenyewe haina mfano. Mzee wa koti refu amesimama kando ya tanuru la udongo linalomzidi kimo, mojawapo ya yale ambayo Wafipa waliyeyushia chuma kabla majembe ya dukani hayajawaondoa wahunzi kazini. Magofu yake bado yapo Ufipa.

Nakala ya kwanza ilimtoa babu wa kijani. Tena si kijani cha kubabaisha. Kijani cha kisamvu.

Printa haikuwa mbovu. Wino mweusi wa printa nyingi za nyumbani umetengenezewa karatasi ya kawaida. Ukiiambia mashine kuwa umeweka glosi, yaani karatasi inayong'aa, wino huo inauacha, maana juu ya glosi haushiki. Badala yake inachanganya bluu, nyekundu na njano ili ipate kijivu. Rangi moja ikizidi kidogo tu, jicho linaikamata. Kwenye picha ya harusi, katikati ya vitenge, nani angegundua?

Mwalimu akaamua kuidanganya: glosi ndani, lakini kwenye kompyuta akachagua karatasi ya kawaida. Babu akatoka mweusi tii, safi kabisa. Shangazi mtu, aliyekuwa akisubiri kwa hamu, akaona kama kavumbi shavuni, akapangusa kwa ncha ya khanga. Shavu likahamia kwenye khanga.

"Mwanangu, mbona babu yako anatoka?"

"Shangazi, tafadhali, usimguse tena!"

Halafu ilikuwa Julai. Huku juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Julai ni baridi, upepo mkavu na vumbi. Matundu ya hedi ya printa ni membamba kuliko unywele, na printa ikikaa bila kazi wino unakaukia humo. Babu akaanza kutoka na mistari. Dawa yake ni kubonyeza amri ya kusafisha hedi, nayo hulipiwa kwa wino: mashine inaufyonza na kuumwaga kwenye sponji lililofichwa tumboni mwake. Mafundi wanalijua sponji hilo. Wenye printa hulijua siku linapojaa na mashine kugoma.

Usiku mmoja, chini ya taa ya sebuleni, Mwalimu akarudi kwenye chaguo la glosi, akapunguza kijani kidogo kidogo na kukata mkono wa mtu ulioingia pembeni mwa picha, hadi akapata kijivu alichokiota. Akalala anatabasamu. Asubuhi akaitoa nje kwenye jua: babu wa zambarau! Kijivu cha kuchanganya ndivyo kilivyo. Kikibadilishiwa mwanga, nacho kinabadilika.

Wakubwa wa kazi hii walishalitafutia tatizo hili tiba. Mwaka 2005 Epson ilileta wino wa K3, mweusi ukiwa na wenzake wawili wa kijivu, na Mmarekani Jon Cone huuza wino wa kijivu mtupu, kuanzia uliokolea hadi uliofifia. Mwalimu alisoma bei, akazima simu.

Mwishowe akachukua karatasi isiyong'aa, akachapa kwa wino mweusi peke yake. Ukiisogelea unaona vitone usoni, lakini kijivu kilibaki kijivu, ndani na nje.

Jumapili picha ikazungushwa kikaoni. Mzee mmoja akaiinua dirishani, akaitazama sana.

"Imetoka vizuri. Ila huyu ni mdogo wake babu yenu. Babu yenu alisimama hapa pembeni, amemshika bega. Yuko wapi?"

Shangazi akaagiza ichapwe upya, na safari hii asikatwe mtu. Mwalimu akaenda kuchungulia tangi la wino mweusi. Limebaki tone.