Namna ya Kushinda Bahati Nasibu Usiyoicheza

Kwanza, hongera. Kama una anwani ya barua pepe, tayari wewe ni milionea. Kilichobaki ni kwenda kuchukua chako. Fungua kile kisanduku cha barua taka. Mamilioni yako yamo humo, yamebanana na matangazo ya dawa za nguvu za kiume, yanakusubiri.

Kupokea utajiri wa aina hii kuna taratibu zake, na wengi hukosea kwa kukosa wa kuwaelekeza. Baba yangu mdogo alipata barua yake mwaka 2010, wakati Kombe la Dunia likichezwa Afrika Kusini: eti imechezeshwa bahati nasibu ya anwani za barua pepe, na ya kwake imeibuka na dola 850,000. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kusahihisha hadi nukta. Aliichapisha kwenye kafe ya intaneti karibu na stendi, akaihifadhi katika bahasha ya kaki pamoja na hati ya kiwanja. Niliyoyaona kwake ndiyo msingi wa mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: usijiulize tiketi ulinunua wapi

Washindi wengine wana shida zao. Hispania wana bahati nasibu ya Krismasi ambayo imechezeshwa tangu 1812. Kila Desemba 22 watoto wa shule ya San Ildefonso ya Madrid husimama jukwaani wakiimba namba moja baada ya nyingine, huku watu wamekodolea macho tiketi walizonunua kwa hela zao. Zawadi yake kubwa huitwa El Gordo, yaani Bonge, na jina hilo limepamba barua nyingi za washindi ambao hata Madrid hawajui iko upande gani. Uingereza nako, mwenye tiketi ya karatasi iliyoshinda ndiye anayewatafuta wenye mchezo, na ana siku 180 tu. Akichelewa, imekula kwake.

Halafu kuna hesabu. Kwenye mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, tiketi moja ina nafasi moja kati ya 13,983,816 ya kuzoa donge lote. Anayenunua kila wiki anaweza kuzeeka akinunua. Wewe hukununua, na wiki hii umeshinda mara tatu. Hiyo ndiyo faida ya kutocheza.

Hatua ya pili: mwandishi wa barua mwache kama alivyo

Barua ya baba mdogo ilitoka "Makao Makuu, Johannesburg", namba ya simu ilikuwa ya Uingereza, na majibu yalitakiwa yaende kwenye anwani ya bure, ya aina ileile ambayo mwanao hufungua akiwa amejilaza kitandani. Usihangaike kulinganisha. Jina linaloonekana kwenye nafasi ya mtumaji huandikwa na mtumaji mwenyewe, kama ambavyo yeyote anaweza kuandika "Ikulu" nyuma ya bahasha. Ukibonyeza kujibu na anwani ikabadilika kama kinyonga, tazama pembeni.

Wala usinune kwamba hakukuita kwa jina. "Mpendwa Mshindi," basi. Ameikumbuka namba ya tiketi, namba ya kundi, namba ya marejeo na namba ya bahati. Jina lako tu ndilo limempotea. Ndiyo maana kwenye fomu anakuomba umwandikie, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, nakala ya kitambulisho na akaunti ya benki.

Hatua ya tatu: lugha isikutishe

Kalamu nyekundu ya baba mdogo ilikuta makosa 17 kwenye ukurasa wa kwanza. "Wazungu siku hizi hawasomi," akasema, akafungua wa pili.

Makosa yale yana kazi. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, aliandika kuhusu sababu ya matapeli wa barua pepe kusimulia hadithi ambazo hata mtoto hazimwingii. Jibu lake ni la kibiashara. Kutuma barua kwa watu milioni hakugharimu kitu cha maana, ila kujibizana na kila anayejibu kunakula muda. Kwa hiyo upuuzi wa barua ni chekeche. Wajanja wanapita kwenye matundu wakicheka. Wanaobaki juu ni wale wachache ambao inalipa kuhangaika nao. Ukiisoma ukacheka, hujamshinda tapeli. Umempunguzia kazi.

Na usingoje makosa ili uitambue. Siku hizi kompyuta zinaandika Kiswahili kilichonyooka kuliko cha ofisi nyingi.

Hatua ya nne: funga mdomo

Hii ndiyo hatua kuu. Barua itakusihi usimwambie mtu hadi ulipwe, wasije wengine wakadai zawadi hiyohiyo. Mke asijue, karani wa benki asijue, na zaidi ya wote asijue yule kijana wa ukoo anayeshinda kwenye kompyuta.

Baba mdogo aliiruka hatua hii. Alinijia jioni na bahasha yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee hapa. Hii ni pesa kweli, au ni macho yangu?"

Nikasoma mistari mitatu. Nikacheka hadi nikashika ukuta, kisha nikamwita mke wangu aje acheke naye. Baba mdogo alicheka kidogo, kwa adabu, akairudisha karatasi kwenye bahasha, akaniuliza mahindi mwaka huu yanauzwaje.

Tangu siku ile aliifuata hatua ya nne kikamilifu.

Hatua ya tano: lipa, halafu lipa tena

Zawadi yenyewe hailipiwi. Kinacholipiwa ni nauli yake. Kwanza bima, dola 320, kama laki nne na nusu za wakati ule. Kisha msafirishaji wa hundi. Kisha cheti cha kuthibitisha kwamba fedha hazihusiani na ugaidi wala dawa za kulevya. Kila malipo ni ya mwisho, hadi yafike mengine, na yote hutumwa kwa njia ambayo pesa ikishachukuliwa hairudi.

Baba mdogo alifundisha hesabu miaka thelathini, kwa hiyo aliwaandikia: kwa nini msikate humohumo kwenye dola 850,000? Wakamjibu siku hiyohiyo kwamba donge limewekewa bima, haliruhusiwi kuguswa kabla halijamfikia mwenyewe. Jibu hilo lilikuwa limeandaliwa zamani, linamsubiri muulizaji. Wala usijikumbushe kwamba hapa Tanzania kodi ya ushindi huikata mwendesha mchezo kabla hajakukabidhi chako.

Biashara yenyewe ni kongwe. Katika karne ya 19 ilipitia posta: tajiri amefungwa Hispania, changia gharama za kumtoa, mtagawana hazina yake. Nigeria imepewa namba, 419, kutokana na kifungu cha sheria yao ya jinai kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu. Sisi tukaifupisha ikaenea kwenye meseji moja, bila hata salamu: "Ile pesa tuma kwenye namba hii."

Habari za malipo ya baba mdogo nilizipata miezi minane baadaye, kwa mama mdogo, kiwanja kilipoanza kutafutiwa mnunuzi. Milioni mbili na ushee zilikuwa zimekwenda. Nikamfuata mzee, nimeghadhibika kama mimi ndiye niliyeibiwa.

"Baba mdogo, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema.

Hatua ya sita: msubiri mkombozi

Ukishalipa mara moja, jina lako lina thamani. Huuzwa kwa matapeli wengine kama shamba lenye maji. Atakuja wakili, au mpelelezi, au afisa wa shirika la kimataifa, na habari njema: aliyekuibia amekamatwa, fedha zako zimepatikana, imebaki ada ndogo ya kufungua faili. Mpokee kwa moyo uleule, urudie hatua ya kwanza.

Kwa wasiopenda utajiri, njia yao ipo, ingawa haina shamrashamra. Uliza tiketi iko wapi. Usilipe ili ulipwe. Usijibu, hata kwa matusi, maana jibu lolote linamwambia mwenzako kwamba anwani hii ina mtu. Ikija kwa meseji, na uko Tanzania, iripoti kwenye 15040. Na mzee wako akikuletea barua, isome mpaka mwisho kabla hujaonyesha meno.

Kwa baba mdogo mkombozi amefika mwezi uliopita. Ni wakili, ameandika kwa Kiswahili safi, na kalamu nyekundu haikupata pa kutua. Mzee alinipigia simu usiku.

"Nimepata nyingine," akasema. "Nakusomea. Lakini usicheke."

Nikazima redio.