Shangazi, Shubiri na Sinki la Mama

Shangazi aliingia kwetu Tanga akitokea Pemba na makapu mawili, na nguo zake zilikuwa katika lile dogo. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba kaka yake amekonda, anakwenda chooni usiku kucha na kuona damu. Daktari alikwisha kumtazama Baba ndani kwa kamera na kutaja ugonjwa: vidonda vya utumbo mpana. Kinga ya mwili inaugeukia utumbo wake yenyewe. Ugonjwa hutulia, kisha huibuka, na dawa ni ya kumeza miaka.

"Hauponi?" Shangazi akaguna. "Kaka, kisichokwisha duniani ni maneno ya wifi yangu tu."

Mama alisikia. Alikuwa akikuna nazi, na mbuzi ikaanza kulia kwa hasira.

Katika tiba zake, shubiri ilitangulia. Sote tunaijua, ndiyo wanayopaka mama zetu wanapoachisha mtoto ziwa. Ila jani lake lina vitu viwili: ute angavu wa katikati, na utomvu wa njano chini ya ganda, ambao ni haluli kali. Mwaka 2004 madaktari wa Uingereza waliwajaribu wagonjwa 44 wa maradhi haya, wengine wakinywa mililita 100 za ute mara mbili kwa siku kwa wiki nne, na walioupata walionekana kupata nafuu kidogo. Ute, lakini. Shangazi alitia jani zima kwenye blenda, na ganda lake na miiba yake. Baba akanywa kwa adabu. Choo chetu ni kimoja, na usiku ule mpangaji wa chumba cha uani alikwenda kuomba hifadhi kwa jirani.

Baada ya hapo zikaja ganda za mbegu za isabgoli kutoka duka la Mhindi. Hizo sina ugomvi nazo, mtu akizinywa upesi na maji mengi, maana zikilowa huvimba zikawa kama uji wa mtoto. Shangazi aliloweka bakuli zima tangu asubuhi "zilainike", kisha, alipoona Baba amegoma, akamwaga yote kwenye sinki la Mama. Fundi bomba alichomoa kitu kirefu cha kuteleza, akauliza ni nini.

"Dawa ya tumbo."

Fundi akamtazama Baba kwa huruma, kisha akapandisha bei.

Manjano ndiyo yaliyokaa muda mrefu. Yalitwangwa alfajiri kwenye kinu, yakatiwa pilipili manga na maziwa ya moto, yakanywewa na kumwagika. Kanzu ya Ijumaa iliingia doa lisilotoka, na kuta za jikoni zikawa na rangi ambayo hatukuilipia. Lakini Shangazi alikuwa na ushahidi. "Njoo uone, wifi! Mkojo wake umekuwa wa machungwa. Manjano yanafanya kazi!"

Mama hakwenda kuona. Alifungua kabati, akatoa pakiti ya sulfasalazini na karatasi yake, akaweka kidole kwenye mstari unaosema dawa hii yaweza kuugeuza mkojo rangi ya machungwa. Halafu akahesabu vidonge vilivyobaki, akimtazama Baba machoni. Hakikuzidi hata kimoja. Kumbe mzee alikuwa akivimeza kimya kimya huku akimsifu dada yake kwa kila kikombe.

Daktari alipoambiwa, hakucheka wala hakukemea manjano. Alisema Japani, mwaka 2006, wagonjwa 89 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia waliendelea na dawa zao, na baadhi wakaongezewa kiini cha manjano gramu moja asubuhi na moja jioni, kwa miezi sita. Walioongezewa hawakurudiwa sana kama wenzao. "Mama, wao waliongeza, hawakubadilisha," alimwambia Shangazi. Akaeleza tena kwamba kiini hicho ni kama asilimia 3 tu ya unga, kwa hiyo kukifikia kipimo kile Baba angelamba zaidi ya gramu 60 za manjano kila siku. Mama aliuliza, kwa upole mwingi, kama kuta zinahesabiwa.

Shubiri ikapigwa marufuku. Manjano yakaruhusiwa kwenye mchuzi, kwa mkono wa Mama. Damu ilikatika baada ya wiki kadhaa, Baba akaanza kujaa mashavu, na Shangazi akapiga simu Pemba kwa sauti ya kumfikia kila mtu mtaani.

"Kaka kapona! Kwa manjano yangu!"

Jikoni Mama akakohoa.

"Na vividonge kidogo," Shangazi akaongeza.