RAM Saba kwa Mwenye Mfuko Uliotoboka

Laptopu yako ina GB 4 za RAM. Ukifungua kurasa sita za Chrome, feni inalia kama lori linalopanda Kitonga. Umedunduliza vijisenti, kesho unashuka Kariakoo. Subiri kwanza. Nimezipanga RAM kuanzia ya kutupa hadi ya kuchumbia. Mnaobisha, njooni na bisibisi zenu.

7. RAM ya seva
Bei ya karanga, GB 16, muuzaji anatabasamu mno. Soma stika: ikiandikwa "ECC Registered", kompyuta ya kawaida haiwaki nayo ng'o. Hukumu: umenunua kishikio cha funguo.

6. RAM ya kompyuta ya mezani, wewe una laptopu
Moja ina sentimita 13 na kidogo, nyingine karibu 7. Unacheka? Mimi niliwahi kurudi nayo nyumbani. Msiniulize mwaka. Hukumu: rula ni rahisi kuliko nauli.

5. Kizazi kisicho chako
RAM ya DDR3 ya laptopu ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262. Kichekesho kiko kwenye kompyuta za mezani: DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila kile kipengo cha chini kimesogezwa. Mapacha, lakini hakuna anayekalia kiti cha mwenzie. Fundi akisema "tusukume kidogo, itaingia", chukua mashine yako uage. Hukumu: mpya si dawa ya kila kitu.

4. DDR3 isiyo na L
Hapa ndipo watu wazima hulia. DDR3 hula volti 1.5, DDR3L hula 1.35. Kipengo kilekile, pini zilezile, inaingia vizuri mpaka unashukuru Mungu. Kisha unawasha: kioo cheusi, taa inakukonyeza. HP EliteBook 840 G1, ile iliyojaa kwenye maduka ya mitumba, inataka yenye L. Dalili iko kwenye stika: PC3L-12800 ndiyo, PC3-12800 siyo. Kinyume chake hakina shida, maana yenye L kwa kawaida hukubali pia volti 1.5. Hukumu: L ni ya Lazima.

3. RAM ya mbio
EliteBook 840 G3 hukimbiza RAM kwa kasi ya 2133. Ukiiwekea ya 3200 itafanya kazi, kwa 2133 ileile. Ni kupanda basi la mwendokasi halafu likakaa foleni na daladala. Hukumu: ukipewa, pokea, kuilipia zaidi ni majivuno.

2. Jozi mpya ya boksi, GB 8 mara mbili
Zinafanana, zinafanya kazi sambamba, wacheza gemu wanazipenda kuliko shemeji zao. Nazipa nafasi ya pili kwa sababu moja tu: wewe na mimi tunajua salio lako. Hukumu: mke mwema, mahari kubwa.

1. GB 8 moja ya mtumba, kizazi kilekile
Ile GB 4 iache mahali pake, ongeza hii kwenye sloti ya pili, una GB 12. Zikitofautiana kasi, zote hufuata ya polepole, hutahisi. Ila jaribu hapohapo dukani. Fundi atafuta meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, atapuliza, ataiingiza kwa mshazari na kuilaza mpaka iseme "ta!". Washa, ione GB 12 kwenye kioo, ndipo utoe hela. Mnaotetea jozi, nawasikia. Kelele hazilipi mahari.

Halafu fungua kifuniko kabla ya safari. Kama una ThinkPad X1 Carbon, RAM imechomelewa kwenye bodi kiwandani na hakuna sloti ya kuongezea. Hiyo hela nunulia chipsi mayai.