Jinsi ya Kumfikisha Mtoto wa Kawangware Shule ya Kitaifa

Anza na jirani anayepiga muziki kwa wufa. Mtihani wa KJSEA, ule wa Gredi ya 9, hauulizi kama ukuta wenu wa mabati umeshikana na baa, kwa hivyo mwendee mapema, mtoto angali Gredi ya 7, umwambie kwa upole: saa moja hadi saa tatu usiku mwanangu anasoma. Watu wa Gatina na Congo, humu humu Kawangware, husikia wakiombwa kama watu.

KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, ilifanywa mara ya mwisho 2023, lakini pengo la matajiri na maskini halikuondoka nayo. Shule ya Kenya High iko Kileleshwa, ya Lenana iko kando ya Ngong Road. Kutoka Kawangware unafika kwa miguu. Kupita langoni na sanduku ndiyo kazi. Karo ya bweni katika shule hizi imewekwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na nusu yake hudaiwa muhula wa kwanza, Januari ile ile ya godoro, sare na viatu. Mtoto anaweza kupasua mtihani, barua ya kuitwa ikaja, kisha akabaki nyumbani kwa sababu ya godoro. Hilo ni dhuluma, na tuliseme hivyo.

Basi sanduku lifuliwe na fundi wa mtaani mwaka mmoja kabla. Zamu yako ya chama iombe ianguke Desemba. Mama mkwe akitaka kukuletea zawadi, mwambie shuka.

Kisha kuna shule ya Starehe. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu waliianza kwa vibanda viwili vya mabati, kwa ajili ya wavulana wa mitaani. Ya wasichana ilifunguliwa 2005. Huko alama pekee hazitoshi: wanataka kujua nyumbani kukoje. Hapa wazazi wengi hujikwaa kwa aibu. Kwenye fomu ya maombi, andika kwamba unafua nguo Lavington kwa kibarua cha siku, na kwamba mvua ikinyesha hakuna kazi. Ukiipamba hali yako, unampokonya mwanao nafasi yake. Fanya vivyo hivyo kwa ufadhili wa Wings to Fly wa benki ya Equity, unaosomesha watoto wasiojiweza tangu 2010.

Fomu hizi hutaka sahihi ya chifu; akiwa hayupo, keti umngoje. Na fomu chukua mbili; moja itamwagikiwa chai.