Shikamoo, Mkwaruzo

Foleni ya Ubungo jioni haina haraka. Magari yamesimama bampa kwa bampa, wauza maji na korosho wanapita katikati, bodaboda wanapenya hata pale ambapo paka angesita. Mara inasikika sauti fupi, mithili ya mwiko unaokwangua ukoko sufuriani. Mama aliye kwenye Toyota IST ya rangi ya fedha anashusha kioo. Kijana wa bodaboda ameshajua alichofanya. Anashuka, analowesha kidole gumba kwa mate, anasugua mlango.

"Shikamoo, mama. Samahani sana, mama yangu. Ni kamkwaruzo tu, ukipaka polishi kanatoka."

Taa zinaruhusu, honi zinalia nyuma, kijana ametokomea kuelekea Kimara. Mkwaruzo umebaki, urefu wa kalamu ya risasi, kuanzia chini ya kitasa hadi karibu na mlango wa nyuma. Shikamoo imemwendea mama. Mkwaruzo, ambao utakaa na gari hilo kuliko abiria yeyote, haukuamkiwa na mtu.

Huo ni utovu wa adabu, na umedumu mno. Mbu, pamoja na malaria yake yote, ana siku yake duniani, tarehe 20 Agosti. Choo nacho kina yake, tarehe 19 Novemba. Mkwaruzo hauna siku, hauna chama, hauna mtetezi; una maadui tu, nao wamepangwa rafu kwa rafu kwenye maduka ya vipuri: makopo ya nta, chupa za polishi, mirija ya kampaundi ya kusugulia, kila kimoja kikiwa na picha ya gari jekundu linalong'aa kama embe dodo lililopakwa mafuta. Jeshi lote hilo dhidi ya mstari mmoja!

Basi na tuanze kuusifu kwa unyenyekevu wake. Watu hulia kwamba gari "limeharibika", lakini mkwaruzo hauombi eneo kubwa la kutawala. Rangi yote ya gari kama ilivyotoka kiwandani, kuanzia kwenye bati hadi juu kabisa, kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, yaani karibu sawa na karatasi ya kuandikia barua. Ndani ya karatasi hiyo wamebanana wapangaji wanne. Chini kabisa ni rangi ya kuzuia kutu, inayoshikishwa kwa umeme bodi likiwa limezamishwa kwenye hodhi. Juu yake ni rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe ambayo mnunuzi aliipenda, na mwisho vanishi angavu ya maikroni 40 au 50. Mikwaruzo mingi inayowanyima watu usingizi huishia kwenye vanishi, haijawahi hata kuiona rangi.

Pili, mkwaruzo ni mwanafalsafa. Hauwezi kuondolewa kwa sababu si kitu. Ni mahali ambapo kitu hakipo. Tundu la ukutani halifutwi kwa kitambaa, na bonde haliondoki kwa kufagiwa. Njia ziko mbili tu: ama bonde lijazwe, ama vilima vya pembeni vishushwe hadi viwe sawa nalo. Nta hujaza. Kampaundi hushusha. Maneno mengine yote yaliyoandikwa kwenye kopo ni mapambo.

Ukitaka kuona jambo hili kwa macho, mtazame machinga wa kwenye mataa akiwa kazini. Anachagua boneti jeusi, anamwita dereva bosi, na bila kuomba ruhusa anachota polishi kwa kipande cha sponji. Anazungusha mara tano, anapuliza, anafuta. Mkwaruzo hauonekani! "Elfu kumi tu, bosi, na kopo unabaki nalo." Kweli hauonekani, lakini hata maji yangefanya hivyo, na hata yale mate ya kijana wa bodaboda yalifanya hivyo kwa sekunde kumi. Mkwaruzo huonekana mweupe kwa sababu kingo zake mbaya hutawanya mwanga. Ukiujaza kitu chochote kinachopitisha mwanga karibu sawa na vanishi, nuru hupita moja kwa moja na jicho halina la kushika. Maji yakikauka, unarudi. Mafuta yakioshwa, unarudi. Nta ikiisha baada ya wiki kadhaa za jua na sabuni, unarudi, umepumzika vizuri.

Si kwamba nta ni tapeli. Ile inayosifiwa kuliko zote ni ya karnauba, na hutoka kwenye majani ya mti mmoja wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, ambako ukame ni mkali na mti hujipaka nta ili usipoteze maji. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi; ya karnauba huvumilia hadi kupita 80, na ndiyo maana ilipewa kazi ya kukaa juu ya boneti juani. Nta hiyohiyo hung'arisha peremende za watoto na viatu vya baba zao. Huko Chicago, Ben Hirsch aliipatia familia yake utajiri kwa polishi aliyoiita Turtle Wax, jina alilolitoa kwenye kijito cha Turtle Creek jimboni Wisconsin. Nta hulinda, hukinga, hupendezesha. Haikwangui hata chembe, kwa hiyo mkwaruzo na nta hukaa pamoja kwa amani, kama wake wenza waliogawana zamu.

Adui wa kweli ni kampaundi, na hapa Kiswahili kilishasema ukweli zamani. Mwandishi akitaka maandishi yake yapendeze, huyapiga msasa. Msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani yenye namba mgongoni, ulikuwa na bado ni mti. Majani yake yanaparuza kama ulimi wa paka, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao. Kulainisha, basi, ni kukwaruza. Fundi rangi anayejua kazi huanza na msasa namba 2000 uliolowekwa maji, akahamia kwenye kampaundi, akamalizia na polishi, na katika kila hatua anachofanya ni kubadilisha mikwaruzo mikubwa kwa midogo, mpaka ifikie udogo ambao jicho haliuoni. Ule mng'ao unaolipiwa ni mikwaruzo maelfu kwa maelfu iliyofundishwa heshima. Na kila safari maikroni kadhaa za vanishi hubaki kwenye kitambaa, wala hazioti tena. Mwenye gari anayeling'arisha kwa mashine kila Pasaka na kila Krismasi, baada ya miaka atakuwa na gari lisilo na mkwaruzo na lisilo na vanishi.

Katika magari mengi meupe ya Toyota yenye namba ya rangi 040, mambo ni ya wazi zaidi: mara nyingi hakuna vanishi kabisa, na kitambaa cha fundi hutoka cheupe. Mteja hudhani ni uchafu uliokolea. Ni gari lake.

Mkwaruzo pia umefungua viwanda vya bafuni na chumbani. Kuna wanaoupaka dawa ya meno, na si uchawi ukionekana kupungua, kwani ndani ya dawa ya meno mna unga laini wa kusugulia, chokaa au silika, ambao ni kampaundi yenye ladha ya minti. Wengine huazima rangi ya kucha ya mke. Hao wana haki ya kihistoria kuliko wanavyodhani: mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta Duco, rangi ya magari yenye nitroselulosi iliyokauka kwa saa badala ya siku na wiki, na rangi ya kucha ya kisasa imeundwa kwa nitroselulosi hiyohiyo. Kucha na boneti ni binamu.

Lakini ukarimu mkubwa kuliko wote kwa mkwaruzo hufanywa alfajiri. Mlinzi, ili apate ya chai, huchukua kitambaa kikavu na kulifuta gari lililolala na vumbi. Vumbi lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kati ya 10 kwenye kipimo cha Mohs. Kioo cha dirisha chenyewe kiko kwenye 5.5 hivi, na vanishi ni laini kuliko kioo. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni nguo kweli, fulana kuukuu ya bosi mwenyewe iliyostaafishwa kuwa tambara. Baada ya miaka miwili ya upendo huo, gari jeusi likisimama usiku chini ya taa ya kituo cha mafuta huonyesha utando wa buibui ulioizunguka taa. Ukisogea hatua mbili, utando unasogea nawe. Mikwaruzo yenyewe haikuchorwa kwa duara. Imelala ovyo, kila upande, ila jicho hupokea mwanga wa ile tu iliyokingama mbele ya taa. Kila taa inayopitwa hulivika gari taji jipya.

Sifa inayozidi zote ni ukweli wake, na waliouelewa ni Wajapani. Gari lililotumika likipelekwa mnadani huko kwao, mkaguzi hulijazia karatasi yenye mchoro wa gari lililotandazwa pande zote kama ng'onda juani. Kwenye mchoro huo A1 ni mkwaruzo mdogo, A2 umekua kidogo, A3 ni mkubwa. U ni bonyeo, S ni kutu, X ni kitu cha kubadilishwa. Na kuna W, alama ya mawimbi, maana yake mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi upya. Mnunuzi mzoefu akiona A1 tatu hutabasamu. Akiona W anauliza kilitokea nini. Ndivyo ilivyo hata kwa fundi wa Ilala anayeletewa gari la kukagua. Mlango wenye mkwaruzo humwambia kwamba rangi ni ya kiwandani. Mlango unaong'aa peke yake kuliko wenzake humfanya atoe sumaku mfukoni, aizungushie kitambaa, aitembeze polepole. Ikikataa kushika, chini mna puti nene ya kuzibia mabonyeo, na chini ya puti mna hadithi. Wanaonunua gari kwa kuangalia mng'ao hununua hadithi hiyo bila kusimuliwa.

Nissan walijaribu kuuzima ukweli huu. Mwaka 2005, pamoja na kampuni ya rangi ya Nippon Paint, walitangaza vanishi yenye utomvu unaonyumbuka, ambayo mikwaruzo midogo hujifunga yenyewe ndani ya siku moja hadi wiki, na haraka zaidi penye joto. Mikwaruzo ya kina, ile ya bodaboda aliyekuwa na haraka kweli, ikabaki na kazi yake.

Haki inataka kosa nalo litajwe. Mkwaruzo ukivuka wapangaji wote wanne na kufika kwenye bati, Tanga, Mombasa au Unguja, upepo wa chumvi haungoji msimu. Kutu huanza, huvimba chini ya rangi, na mstari huwa kidonda. Huo upakwe rangi mapema, na asiyeupaka asije kusema alidanganywa na sifa. Lamu mjini tatizo hili ni dogo, kwa sababu uchochoroni anayepita ni punda, naye hang'arishwi.

Hata hivyo mtu huyohuyo anayelia kwa mstari wa mlangoni humlipa kijana mwenye kimashine amchoree namba ya usajili kwenye vioo, kwenye saiti mira, hata kwenye taa, ili mwizi asivitamani. Hiyo ni mikwaruzo iliyoagizwa, ikasubiriwa, ikalipiwa, na hakuna anayeipaka polishi.

Mama wa IST alikwenda kwa fundi Jumamosi. Fundi, mzee mwenye vumbi la puti hadi kwenye nyusi, hakushika kopo lolote. Aliupaka maji, mkwaruzo ukatoweka, alingoja, ukarudi. Kisha akapitisha ukucha kwa kukingama mstari, polepole, na katikati yake ukucha ukakwama.

"Hii haitoki, mama. Hapa pembeni ukucha unateleza, naweza kupapunguza. Hapa katikati imeshapita vanishi. Nikiendelea kusugua, kitakachotoka ni rangi."

"Na ukipiga mlango mzima?"

Mzee akafungua mlango na kumwonyesha kibati chenye namba ya rangi, 1F7. Akaeleza kwamba fedha ile ni vumbi la aluminiamu ndani ya rangi, na namna vumbi linavyolala hutegemea mkono na upepo wa bunduki siku hiyo. Namba itakuwa ileile, ila mlango utaonekana mgeni juani, na siku ya kuuza gari mnunuzi atauliza sumaku. Mama akamwambia apunguze pembeni, apake nta, aache katikati.

Miezi minne baadaye alitoka madukani Mlimani City na mifuko mikono yote miwili. Rimoti ilikuwa imekufa betri. Mbele yake kulikuwa na IST tano za rangi ya fedha, tatu zimeegeshwa zikifuatana, zote zina vumbi, zote zina tisu kwenye dashibodi. Aliweka mifuko chini, akapita akigusa milango kwa vidole, wa kwanza, wa pili. Kwenye mlango wa tatu ukucha ukakwama, akatoa ufunguo.