Fagio la Bure

Kompyuta ya nyumbani ikianza kujikongoja, mwenyewe hukimbilia programu ya bure ya kusafisha, nayo kwa ukarimu humgundulia mamia ya "matatizo" kabla hajapepesa jicho. Daktari huyu hajawahi kukutana na mtu mzima wa afya, na dawa yake, kwa bahati mbaya, huwa kwenye toleo la kulipia. Mengi ya hayo matatizo ni vidakuzi na mabaki ya sajili ya Windows, yasiyopunguza kasi kwa kiasi cha kuonekana. Microsoft wenyewe walishasema hawaungi mkono visafisha sajili: ukifuta kisichopaswa kufutwa, huenda ukalazimika kuweka Windows upya.

Mtasema, basi tuchague yenye jina. Haya. CCleaner ilikuwa na jina, na mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza kirusi ndani ya toleo 5.33, likapakuliwa kutoka chanzo rasmi, sahihi ya kidijitali ikiwa halali kabisa, likafika kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.27. Si kwamba kila cha bure ni kibaya. Storage Sense imo ndani ya Windows, hufuta faili za muda bila kumtisha mtu. Anayeng'ang'ania fagio la mgeni alipakue kwa mtengenezaji wake, aondoe tiki kwenye visanduku vya programu asizoziomba, na ahifadhi nakala ya faili zake kwanza. Asiye na subira hiyo abofye tu "Rekebisha Yote". Fundi naye ana watoto wa kusomesha.